SOMO: MTOTO NA MJENGO – NANI MLINZI WAKE?

Somo hili lafaa vikundi vya akina mama, vijana, na kamati za ujenzi. Msome pamoja, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.



Siku hizi ukitembea mtaani hukosi kuona mjengo. Huku ghorofa inapanda, kule shule inachimba choo, pale wanapitisha mtaro wa maji. Hayo ni maendeleo na sote twafurahi. Lakini jiulize: mafundi wakienda nyumbani jioni, nani anabaki pale? Mara nyingi ni watoto wetu.

KWA NINI WATOTO HUENDA HUKO?

Wazazi wengi husema, "Nimemkataza, lakini hasikii." Tusiharakishe kumlaumu mtoto. Mtaa wetu hauna uwanja, na rundo la mchanga ni uwanja mzuri kwake. Wengine hufuata misumari na vipande vya vyuma wapate kuuza kwa kilo. Wengine hupita hapo kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya shule. Na wengine hawakwenda wenyewe: mama anabeba mawe au anauzia mafundi chai, na mtoto yuko naye kwa sababu hana pa kumwacha.

Kwa hivyo kusema "usiende huko" hakutoshi. Lazima sisi wakubwa tufanye jambo.

HATARI ZENYEWE

1. Mashimo na mitaro. Udongo ni mzito sana. Ukichukua udongo wa mita moja urefu, mita moja upana na mita moja kina, uzito wake wapita kilo 1,000. Ukingo ukibomoka, mtoto aliyefunikwa mpaka kifuani hawezi kuvuta pumzi. Hatari huzidi baada ya mvua, na pia pale udongo uliochimbwa umerundikwa ukingoni.

2. Maji. Shimo la choo au la msingi likijaa maji ya mvua, mtoto haoni kina chake. Machimbo ya mawe yaliyoachwa ni hivyo hivyo. Hata pipa au ndoo ya fundi yenye maji kidogo inaweza kumuua mtoto mchanga, maana akiingia kichwa mbele hawezi kujiinua.

3. Simiti na chokaa. Simiti iliyokorogwa huchoma ngozi polepole. Mtoto anaweza kuicheza kama matope, asisikie uchungu mpaka baadaye. Chokaa ambayo haijazimwa ni mbaya zaidi: ikipata maji huchemka, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha.

4. Misumari na vyuma. Msumari ukichoma mguu, kidonda huonekana kidogo juu lakini ndani ni kirefu. Hapo ndipo pepopunda hupenda kuanzia.

5. Vitu vinavyoanguka. Tofali likitoka ghorofa ya pili halimpi mtu nafasi ya kukimbia. Ngazi iliyoachwa imesimama ni mwaliko kwa mtoto kupanda.

6. Stima. Waya wa muda uliolazwa chini, tena penye maji, unaweza kuua.

7. Jengo lenyewe. Mwaka 2016 mwezi wa Aprili, nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mwaka 2019 mwezi wa Septemba, madarasa ya shule moja ya Dagoretti yaliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, na wengine wakapoteza maisha. Kwa hiyo hatari haiishi siku fundi anapokusanya vifaa vyake.

WAJIBU NI WA NANI?

Mwenye ploti husema ni kazi ya fundi. Fundi husema ni kazi ya mzazi. Mzazi husema ni kazi ya serikali. Mtoto anaumia tukiwa bado twarushiana maneno.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuwekwa kwa ajili ya wafanyakazi peke yao. Inakusudia pia kuwakinga watu wengine wasiumizwe na kazi inayofanywa. Mtoto apitaye njiani yumo. Halafu kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huandikisha wajenzi na miradi yao.

Na jambo hili si geni kwa Wakristo. Katika Kutoka 21:33-34, mwenye kuchimba shimo asilifunike anatakiwa kulipa mnyama wa jirani akitumbukia. Ikiwa ng'ombe analipiwa, je, mtoto?

TUFANYE NINI?

Mwenye ploti na fundi: Zungusha uzio, hata wa mabati makuukuu. Funika kila shimo kwa mbao nzito au mabati yaliyowekewa mawe juu. Mwaga maji ya mapipa jioni au uyafunike. Ng'oa misumari kwenye mbao kabla ya kuzitupa. Laza ngazi chini na kuifungia. Zima stima. Dakika 15 zatosha kabla ya kufunga kazi.

Wazazi: Tembea na mtoto mwonyeshe hatari kwa macho yake. Mtafutie njia nyingine ya shule. Usinunue misumari wala vyuma kutoka kwa mtoto.

Jumuiya: Akina mama wafanyao kazi ya mjengo wanahitaji msaada, si lawama. Je, hatuwezi kupanga zamu ya kuwaangalia watoto katika ukumbi wa kanisa? Likizo za Aprili, Agosti na Desemba, uwanja wa kanisa ufunguliwe wapate kucheza.

Mkienda kuongea na wenye mjengo, nendeni kwa upole lakini msirudi mikono mitupu. Kwa mfano:

– Fundi, habari ya kazi? Hatukuja kugombana. Hili shimo liko njiani pa watoto.
– Naliona, mama. Mwenye ploti hajaleta mbao.
– Basi tutaongea naye sisi. Lakini leo usiondoke kabla ya kufunika kwa yale mabati.
– Sawa, mama. Nitafunika.

AJALI IKITOKEA

- Shimo likibomoka au mtu akitumbukia chooni, usiruke ndani. Wengi wamekufa wakifuata wenzao, kwa udongo au kwa hewa mbaya. Ita watu, leteni kamba na ngazi.
- Simiti au chokaa kavu: ipanguse kwanza, kisha osha kwa maji mengi. Jicho lioshwe dakika 20 au zaidi, halafu hospitali mara moja.
- Msumari: osha kwa sabuni na maji, na umpeleke zahanati siku hiyo hiyo waangalie kama anahitaji sindano ya pepopunda.
- Stima: usimguse mtoto kabla ya kuzima umeme.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wetu kuna mashimo mangapi yaliyo wazi? Ni ya nani?
2. Mradi wetu wa harambee uliosimama kwa kukosa pesa, je, umezungushiwa uzio?
3. Mama wa mjengo amwache wapi mtoto wake?

KAZI: Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kizunguke mtaa, kiandike mashimo yote, na kifunike angalau moja. Tuanze na lile la kanisa.