KUPIMA NYOTA NDOGO

Tarehe 1 Septemba 2016, muda mfupi kabla ya saa 6 mchana, Jua lilipatwa katika anga ya Makambako na Njombe. Mwezi ulipita kati ya Dunia na Jua. Siku hiyo Mwezi ulikuwa mbali kidogo, kwa hiyo haukuweza kulifunika Jua lote. Ukingo wa Jua ulibaki uking'aa kama pete. Huko Makambako pete hiyo ilidumu kwa karibu dakika 3.

Mwanga wa Jua ulipungua kwa sababu kitu kilipita mbele yake. Wataalamu wa nyota hutumia jambo hilohilo kupima nyota ambazo hawawezi kuziona.

Nyota pacha

Jua letu ni nyota iliyo peke yake. Nyota nyingine nyingi huwa mbili mbili, nazo huzungukana. Kwa kuwa ziko mbali sana, sisi huona nukta moja tu. Ukisimama usiku kando ya barabara ya Njombe na Makambako, taa mbili za lori lililo mbali huonekana kama taa moja. Ndivyo zilivyo nyota pacha.

Nyota moja ipitapo mbele ya mwenzake, mwanga wa nukta ile hupungua. Mwaka 1783 kijana mmoja wa Uingereza, John Goodricke, ambaye alikuwa kiziwi, alieleza kwamba nyota iitwayo Algol hufifia kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi. Alifikiri kwamba huenda kuna kitu kikubwa kinachopita mbele yake. Baadaye ilithibitishwa kwamba kitu hicho ni nyota nyingine.

Jaribio

Vifaa: karatasi nyeupe, karatasi nyeusi, rula, penseli na mkasi.

1. Chora mraba wenye sentimita 10 kila upande. Ugawe katika miraba midogo ya sentimita 1. Utapata miraba 100.
2. Kata mraba mweusi wa sentimita 1, uuweke juu ya mraba mkubwa. Umefunika sehemu 1 kati ya 100.
3. Rudia kwa mraba mweusi wa sentimita 2, kisha wa sentimita 3. Umefunika miraba mingapi kila mara?

Umeona kwamba mraba wenye upana wa sehemu 1 kati ya 10 hufunika sehemu 1 tu kati ya 100. Miduara nayo hufuata kanuni hiyo. Basi, nyota ndogo isiyong'aa sana ikipunguza mwanga wa nyota kubwa kwa sehemu 1 kati ya 100, upana wake ni sehemu 1 kati ya 10 ya upana wa nyota kubwa.

Nyota ndogo kama sayari

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza vipimo vya nyota iitwayo EBLM J0555-57Ab. Kila baada ya siku 8 hivi hupita mbele ya nyota kubwa, na mwanga hupungua kwa chini kidogo ya sehemu 1 kati ya 100. Upana wake unazidi kidogo tu ule wa sayari ya Zohali.

Je, si sayari? Kipimo cha mwanga peke yake hakitoshi kujibu. Wataalamu walipima pia jinsi inavyoivuta nyota kubwa huku na huku. Wakaona kwamba uzito wake ni kama mara 85 ya uzito wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua. Kwa hiyo ni nyota. Ingalikuwa nyepesi zaidi kidogo, isingaliweza kuwaka kama nyota.

Onyo: Usilitazame Jua kwa macho matupu, hata linapopatwa. Waweza kupofuka.

Maswali

1. Kwa nini Jua lilionekana kama pete mwaka 2016?
2. Nyota ndogo hupunguza mwanga kwa sehemu 4 kati ya 100. Upana wake ni sehemu ngapi kati ya 10 ya upana wa nyota kubwa?
3. Kwa nini wataalamu hupima uzito pamoja na upana?