Kuweka Wakili kwa Mtu Aliyeshitakiwa

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhukumu kwa uadilifu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imeenea katika miji ya pwani kauli moja. Mtu akishikwa na polisi, na nduguze wakataka kumtafutia wakili, husema, "Mimi sikufanya kitu, wakili wa nini? Mwenyezi Mungu ndiye Wakili wangu." Kauli hii nusu yake ni haki, kwani Al-Wakil ni katika majina ya Mola. Walakini huyo asemaye akipatwa na homa humwendea tabibu, na akitaka kusafiri baharini hutafuta nahodha ajuaye miamba, wala haoni kuwa tawakali yake imepungua. Ni ajabu kwamba tawakali hii huja kukumbukwa mlangoni mwa kituo cha polisi tu.

Nabii Musa (a.s.) alipoamrishwa kwenda kwa Firauni alitaja khofu yake, kwamba alikwisha kuua mtu katika watu wale na huenda wakamuua. Papo hapo akamwomba Mola wake ampe nduguye Harun amsaidie, kwa kuwa ulimi wa Harun ulikuwa fasaha kuliko wake. Khabari hii imo katika Surat al-Qasas. Harun alikuwa Nabii, si wakili wa mahakama. Lakini ni dhahiri kwamba mtu kutaka msemaji aliye hodari kuliko yeye, mbele ya mwenye nguvu, si aibu wala si upungufu wa imani.

Na Imam al-Bayhaqi amepokea kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akichukia kuhudhuria mwenyewe katika magomvi, akimweka nduguye Akil, na Akil alipokuwa mzee akamweka Abdallah bin Jaafar. Ali, ambaye elimu yake ya hukumu haina mfano, aliweka wakili! Basi mvuvi au mchukuzi asiyejua hata lugha iliyoandikwa katika hati ya mashitaka atajitoshelezaje? Wanazuoni nao wamekhitalifiana katika jambo dogo tu. Imam Abu Hanifa alishurutisha ridhaa ya khasimu ikiwa mwenye daawa yupo na ni mzima. Imam Shafi hakushurutisha hayo.

Lakini uwakili una mpaka, na mpaka huu ndio unaosahauliwa sana. Wafasiri wanasimulia kwamba mtu wa Bani Ubayriq aliiba deraya, na lawama ikatupwa juu ya Myahudi asiye na kosa. Jamaa za mwizi wakaja kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao. Zikashuka Aya za Surat an-Nisaa kumsafisha yule Myahudi, na kukataza kuwa mteteaji wa wenye khiyana. Tena Mtume (s.a.w.) alikhabarisha kwamba yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe; basi mwenye kupewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amepewa kipande cha moto. Kwa hiyo ushindi wa wakili hauigeuzi haramu kuwa halali. Mwenye kosa anayo haki ya kuwa na wakili, ili mshitaki athubutishe maneno yake kwa ushahidi, na adhabu isipite kiasi. Haki ya kumnunulia mashahidi wa uwongo, hiyo hana. Na mlungula apewao askari au karani hauwi ujira wa wakili hata ukipitishwa mkononi mwa wakili.

Sasa yatazamwe yaliyomo katika sheria ya Kenya, kwani makosa ya jinai hayaendi kwa kadhi; mahakama ya kadhi ni ya ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 49, inampa aliyeshikwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili. Hulazimu afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24. Zikimalizika nje ya wakati wa mahakama, basi mwisho wa siku ya mahakama ifuatayo. Tena anayo haki ya dhamana, isipokuwa pakiwa na sababu nzito.

Saa hizo 24 ndizo zinazoangamiza watu. Asiye na kosa hutaka kusema mengi ili aachwe upesi. Husema kwa khofu, hukosea saa, hutaja jina la mtu asiyehusika, na kesho maneno yake husomwa dhidi yake. Kwa sheria ya ushahidi, ikirari ya mshitakiwa haipokelewi ila ikitolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo, asiye yule mpelelezi, pamoja na mtu wa tatu aliyemchagua mshitakiwa mwenyewe. Ataje jina lake, kisha anyamaze mpaka wakili afike. Kwa wakili aseme kweli yote, kwani wakili amekatazwa kufichua siri ya aliyemweka, isipokuwa siri ya kutaka kutenda uovu.

Katika kuchagua, si kila avaaye tai mbele ya mahakama ni wakili. Mwenye kazi hii huwa na cheti kinachotolewa upya kila mwaka, na jina lake hutazamwa kwa Chama cha Mawakili cha Kenya. Ujira ujulikane na uandikwe, na risiti itwaliwe. Anayesema "nilipe nikishinda tu" aepukwe, kwani Sheria ya Mawakili haiyakubali maafikiano hayo. Mipaka nayo iandikwe. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, wakili wa daawa akikiri, ikirari yake haimlazimu aliyemweka. Bali katika mahakama za leo mapatano ya wakili katika kesi ya madai aghalabu humfunga mwenyewe.

Uwakili si wa jinai peke yake. Mwaka 2015 jumuiya mbili za Mombasa, MUHURI na Haki Africa, zilifungiwa hesabu zao za benki baada ya kutajwa na serikali katika orodha ya washukiwa wa kusaidia ugaidi. Zilikwenda Mahakama Kuu na mawakili wao, na mwaka huo huo mahakama ikaamuru hesabu zifunguliwe. Kufungua daawa ya haki za Katiba hakutozwi ada, kwa Kifungu cha 22.

Na asiye na fedha, sheria ya mwaka 2016 imeweka msaada wa serikali kwa wahitaji. Nduguze wasiende mikono mitupu. Wachukue jina la kituo, saa aliyoshikwa, nambari ya kitabu cha matukio, na majina ya walioona. Hayo ndiyo wakili atakayoyauliza kwanza.