Kikuza-Mawimbi cha Simu: Jinsi Kinavyojitawala na Kujilinda

Kikuza-mawimbi ni chombo kinachotumika mahali ambapo simu ya mkononi haupati mnara vizuri, kama vile katika nyumba yenye kuta nene za zege au ofisi iliyo chini ya ardhi. Chombo hiki kina sehemu tatu: antena ya nje inayoelekezwa mnarani, kikuzaji chenyewe, na antena ya ndani inayowasiliana na simu. Mawimbi yatokayo mnarani hukuzwa ili yaifikie simu. Na yale yatokayo kwenye simu hukuzwa ili yaufikie mnara.

Ukuzaji hupimwa kwa desibeli. Kila desibeli 10 huzidisha nguvu mara 10. Kwa hiyo desibeli 30 ni mara 1,000, na desibeli 60 ni mara 1,000,000. Chombo chenye uwezo huo, kikiachwa kikuze bila kiasi, chaweza kuwadhuru watu wengi kuliko kinaowasaidia. Kwa sababu hiyo, kikuza-mawimbi kilichoundwa vyema hujua kukuza na pia hujua kujizuia.

Hatari ya mluzi

Wanaohudhuria mikutano ya hadhara wanaujua mluzi mkali unaotokea maikrofoni inaposogezwa karibu na spika. Sauti ya spika huingia katika maikrofoni, hukuzwa, hutoka ikiwa kubwa zaidi, kisha huingia tena. Mzunguko wa namna hiyo hutokea pia endapo mawimbi ya antena ya ndani yataifikia antena ya nje. Tuseme mawimbi hupungua kwa desibeli 50 yakiwa njiani kati ya antena hizo, na chombo hukuza kwa desibeli 60. Kila yanaporudi yatakuwa na nguvu mara 10 zaidi, mpaka chombo kifikie kikomo cha uwezo wake.

Mluzi huo hausikiki kwa masikio, lakini mnara huupokea, nao waweza kuzifunika simu za mtaa mzima. Mgonjwa wa nyumba ya tatu akihitaji kuita gari la hospitali, huenda simu yake isipite.

Ili kuugundua, chombo huweza kupunguza ukuzaji kidogo na kupima matokeo. Ikiwa mawimbi yanayotoka yatapungua kupita kiasi kilichotarajiwa, ni dalili kwamba yalikuwa yakijizungusha. Hapo chombo hushusha ukuzaji au hujizima. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 na Tume ya Mawasiliano ya Marekani zinataka jambo hilo lifanyike katika muda wa sekunde 0.3 kwa mawimbi yanayokwenda mnarani, na sekunde 1 kwa yanayotoka huko. Chombo kinapaswa kungoja angalau dakika moja kabla ya kuanza tena. Baada ya kuanza upya mara tano, kisiendelee mpaka binadamu akiwashe mwenyewe.

Hatari ya nguvu kupita kiasi

Karibu na mnara mawimbi huwa na nguvu nyingi. Kikuzaji kilicholemewa huyapotosha, kikazalisha mawimbi mengine yanayoingilia masafa ya jirani. Kwa hiyo sakiti maalumu hupima nguvu inayopita na kupunguza ukuzaji kadiri nguvu hiyo inavyoongezeka. Mahali ambapo mnara unasikika vizuri, chombo hubaki karibu kimya.

Hatari ya kelele

Kila sakiti ya elektroniki huzaa kelele hafifu hata pasipo mazungumzo. Kelele hiyo ikikuzwa na kurushwa mnarani, mnara hushindwa kuzisikia simu zilizo mbali. Ndiyo maana kikuza-mawimbi chema hushusha urushaji wake wakati hakuna simu inayokihitaji.

Yafaa kukumbukwa na fundi

Chombo kinachojizima mara kwa mara si lazima kiwe kibovu; mara nyingi kinaeleza kwamba antena zimewekwa karibu mno. Dawa yake ni kuzitenganisha, kuweka paa au ukuta kati yake, na kuielekeza antena ya nje upande usioitazama ile ya ndani. Fundi anayekizuia kisijizime ili mwenye nyumba aridhike atakuwa amemnufaisha mtu mmoja kwa kuwanyima mawasiliano majirani zake wote.