Mgeni Anapohamia Usukumani

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani kuwa methali hii humfukuza mgeni. Mimi naona kinyume chake, maana apewaye jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Basi tutazame jinsi mtu wa nchi nyingine awezavyo kulishika jembe hilo hapa Bariadi.

1. Kubisha hodi. Mgeni atokaye nje ya nchi hapana budi awe na kibali cha ukaazi cha Idara ya Uhamiaji. Lakini kibali hakimpatii jirani. Afikapo kijijini yafaa aende kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, ajitambulishe. Akiugua usiku, hao watajua nyumba yake iko wapi.

2. Lugha. Kiswahili kitamfaa sokoni na ofisini, lakini Kisukuma ndicho kifunguacho mlango wa mzee. Asubuhi aseme "Mwangaluka", jioni "Mwadila", na akipewa kitu, "Wabeja". Asianze shughuli kabla ya salamu, asije akadhaniwa ana hasira. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nami nilijifunza haya kama mgeni yeyote. Hata pande za dunia zilikuwa mpya kwangu: sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Nimewasikia wazee wakielekeza njia kwa maneno hayo, na asiyeyajua hupotea.

3. Chakula. Mvua zikikatika, mboga mbichi huadimika. Mwenyeji amekwisha kujiwekea nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na viazi vitamu vya aina mbili: michembe, iliyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, yaliyochemshwa kwanza. Mgeni akividharau hivi, kiangazi kitamfundisha.

4. Mifano. Hans Cory, mzaliwa wa Austria, alikusanya mila za Wasukuma kwa kuwauliza wenyewe, akatoa kitabu cha sheria na desturi zao mwaka 1953. Padre David Clement, Mkanada, alikaa Bujora karibu na Mwanza. Hakuzikataa ngoma za wenyeji. Alijenga kanisa lenye alama za utawala wa watemi, akaanzisha makumbusho ya Wasukuma. Wote wawili walianza kwa kuwa wanafunzi, ingawa walikuja wakiwa na elimu yao.

Lakini jembe hutolewa na mwenyeji. Tukimpandishia mgeni bei, au tukimfuata njiani tukimpigia kelele "Mzungu!", tumemnyima jembe wenyewe, kisha twamlaumu kwa kujitenga. Nasi tulio kidato cha nne hatujui kesho tutapelekwa wapi na masomo au kazi. Huenda mmoja wetu atasimama mlangoni pa watu katika nchi ya baridi, hana neno hata moja la lugha yao. Siku hiyo atatamani kutendewa kama tunavyopaswa kuwatendea wageni wa Bariadi leo.

Maswali
(a) Kwa nini kibali cha ukaazi peke yake hakitoshi?
(b) Eleza tofauti ya michembe na matobolwa.
(c) Taja jambo moja utakalomfundisha mgeni wa kwanza utakayekutana naye.