SOMO LA TAWI: DUKA MOJA LILIVYOZAA MAELFU



Leo tunajifunza jinsi Zara, kampuni ya nguo ya Hispania, ilivyokua. Hatuisomi ili kumsifu tajiri wala kumtukana. Tunaisoma ili tujue faida inatoka wapi, na nguvu yetu iko wapi.

1. Mwanzo wake

Amancio Ortega ni mtoto wa mfanyakazi wa reli. Aliacha shule mapema, akaajiriwa katika duka la mashati mjini A Coruña. Rosalía Mera, aliyekuja kuwa mkewe, alikuwa fundi cherehani aliyeacha shule akiwa na miaka 11. Mwaka 1963 karakana yao ilianza kushona kanzu za kuvaa mtu atokapo kuoga. Duka la kwanza la Zara lilifunguliwa mwaka 1975 katika mji huohuo. Mwaka 1988 likafuata la Porto, Ureno, 1989 New York, 1990 Paris. Leo kampuni mama, Inditex, ina maduka zaidi ya 5,000.

2. Siri yake

Siri yake ni haraka. Wenye maduka wengine waliagiza nguo miezi mingi kabla ya msimu. Zara walitazama kwanza wateja wanapenda nini. Vitambaa vilikatwa kiwandani, vikapelekwa kushonwa katika karakana ndogo za Galicia na kaskazini ya Ureno, vikarudi kupigwa pasi. Baada ya wiki chache nguo ilikuwa dukani. Mali haikulala ghalani.

Lakini haraka hiyo ilikuwa ya mikono ya washonaji, wengi wao wanawake, ambao hawakuajiriwa na kampuni yenyewe. Baadaye kazi ilifika pia Moroko, Uturuki na Bangladesh. Hapo ndipo pagumu. Mshonaji akidai nyongeza, mwenye karakana husema bei imepangwa na wenye maduka. Wenye maduka nao husema, huyu si mfanyakazi wetu.

3. Vyama vilifanya nini

Mwaka 2007 shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa nguo lilitia sahihi mkataba na Inditex. Mkataba ulikubali haki ya kuwa na chama na kujadiliana kwa pamoja, hata katika viwanda vinavyoiuzia nguo tu.

Hata hivyo, karatasi haijitetei. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Bangladesh, liliporomoka jengo la Rana Plaza, lenye viwanda vilivyoshonea makampuni kadhaa ya Ulaya na Marekani. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilionekana. Asubuhi wakaamriwa kuingia kazini. Viwandani humo hamkuwa na chama cha kusema, "Hatuingii."

4. Funzo

Sisi tunaochuma pamba na sisi tunaoshona tumo katika mnyororo mmoja. Kampuni inayoishi kwa haraka huogopa kucheleweshwa. Mfanyakazi mmoja akisimama, atafukuzwa. Wakisimama wote, wenye duka watapiga simu.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Mali tunayotengeneza inauzwa na nani, na kwa jina gani?
(b) Tukiona ufa ukutani, nani atasema kwa niaba yetu?

Umoja ni nguvu.