Mtoto na Mambo ya Moyoni Mwake

Katika Mwanzo sura ya 4 twasoma ya kuwa Mungu alimwuliza Kaini sababu ya hasira yake. Angalieni wakati alipouliza: Habili alikuwa angali hai. Yeye ajuaye yote aliitaja hasira kwa jina lake, akampa mtu nafasi ya kusema. Haikuandikwa ya kuwa Kaini alijibu.

Sisi wazazi twauliza baada ya tendo, tena fimbo i mkononi. Mtoto wa miaka mitatu akimfinya mdogo wake aliyezaliwa juzi, twamwita mbaya. Kumbe ana wivu, wala hajui neno hilo; ajua tu ya kuwa mgongo wa mama, uliokuwa wake, umepewa mwingine. Mwambie, "Waona wivu kwa kuwa mama amempakata mtoto. Lakini usimfinye." Hivyo umelikataza tendo, wala hukuukataza moyo kuona uchungu.

Wengine husema tumbo lauma. Si uongo, hofu hulishika tumbo hasa, hata la mtu mzima (waliokwenda mtihanini wajua). Kwanza tazameni kama ni ugonjwa. Ikiwa sivyo, ulizeni kwa upole laanza kuuma saa gani, na nani yupo hapo. Huenda liko jambo ambalo mtoto anaogopa kulitaja.

Nami niseme kosa langu. Mama yangu alipozikwa, mwanangu wa miaka sita alianza kulia kaburini. Nikamwambia anyamaze, mwanamume halii. Akanyamaza, lakini tangu usiku ule akawa anakojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, nami nikamtisha. Siku nyingi zilipita, hata nilipotengeneza mahubiri ya Yohana 11 nikaona ya kuwa Bwana mwenyewe alilia mbele ya watu kwa ajili ya Lazaro, naye akijua atamfufua. Nikaona haya. Jioni nikaketi naye jikoni, nikasema, "Mimi namkumbuka Bibi, na moyo wangu waniuma. Na wewe je?" Akachokora majivu kitambo, kisha akauliza, "Baba, Bibi ananyeshewa na mvua kule?" Tukalia wote wawili.

Walimu wa shule ya Jumapili, hamna haja ya vitabu vipya. Ulizeni tu: Yusufu shimoni aliona nini moyoni? Wala msilisahihishe jibu upesi. Mtoto mmoja kwetu alijibu kwamba Yusufu aliwachukia ndugu zake. Naliliacha jibu lake lisimame mpaka tulipofika sura ya 45, penye kilio cha Yusufu.