Chakula cha Barabarani Hupimwa kwa Saa

Jua likizama Unguja, meza za Forodhani huwa zimeshapangwa: mishkaki, kamba, pweza, vipande vya jodari, mkate wa kumimina. Dar es Salaam nako watu wanateremka ufukwe wa Coco kula mihogo, foleni zinaanza mbele ya mabanda ya chipsi, na magari ya chakula yanafungua madirisha yao. Mlaji ana pa kuchagua. Ugumu ni kwamba kipande cha samaki kilichotoka motoni sasa hivi na kile kilicholala mezani tangu alasiri vinafanana kabisa, hasa vikishakamuliwa ndimu na kumulikwa taa.

Ndiyo maana mlaji mzoefu huanza na swali la saa: chakula hiki kimeiva lini, na tangu hapo kimekaa wapi? Aproni nyeupe na bango zuri ni mambo mema, lakini bakteria hawasomi bango. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu huzaliana kwa kasi. Kwa hiyo chakula kilichoepuliwa saa 11 jioni na kuachwa mezani kimeshamaliza muda wake ikifika saa 1 usiku, wakati wateja wengi ndio kwanza wanatoka majumbani.

Kabla ya kuagiza

Simama kando dakika chache, utazame mambo matatu.

Kwanza, mikono. Je, anayepika ndiye anayepokea fedha? Banda lenye mpishi mmoja na mtu mwingine wa kushika noti limeshaanza vizuri. Kulipa kwa simu kunasaidia kidogo tu, maana simu nayo hushikwa na kila mkono. La muhimu ni mpishi kunawa, na dalili yake ni ndoo yenye koki na sabuni iliyolowa. Sabuni kavu kama ilivyotoka dukani ni pambo.

Pili, maji. Mabanda mengi yana mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia. Chungulia la kusuuzia: kama maji yameshakuwa ya kijivu na vipande vya kitunguu vinaelea, omba ufungiwe kwenye boksi jipya, au uende banda la jirani. Kwa gari la chakula, uliza maji machafu yanakwenda wapi; gari lililoandaliwa vizuri lina tangi la maji safi na jingine la maji machafu. Uliza pia chakula kimepikiwa wapi. Baadhi ya magari hupasha tu kile kilichopikwa jiko jingine asubuhi, na hapo unarudi kwenye swali lilelile: kimesafiri kikiwa cha moto, au kimepoa njiani?

Tatu, mafuta. Mafuta yanayofaa yana rangi ya dhahabu na hutulia mpaka chakula kitumbukizwe. Yakiwa meusi, mazito, yenye povu lisilokatika, au yakitoa moshi kabla hata chipsi hazijaingia, yamekaangiwa mara nyingi mno. Kuongeza mafuta mapya juu ya hayo hakuyatibu. Ulimi nao utakuambia: chipsi za mafuta yaliyochoka huacha utando mdomoni hata baada ya kunywa maji.

Foleni ni dalili njema, kwa kuwa chakula kinatoka haraka na hakipati nafasi ya kukaa. Ila chunguza wateja wanapewa nini. Foleni inayohudumiwa kutoka kwenye kabati la vioo lililojazwa mchana haikuhakikishii chochote.

Uliza, si utovu wa adabu

Wauzaji wamezoea maswali ya bei. Swali la upya wa chakula nalo hujibiwa vizuri likiulizwa kwa heshima: “Fundi, hizi zimetoka saa hizi?” au “Mama, samahani, nipashie hadi zichemke kabisa.” Anayekijua chakula chake hujibu papo hapo, na pengine atakuonyesha alichokileta karibuni. Anayesema “kula tu kaka, hapa hatujawahi kumuua mtu” hajakujibu.

Forodhani, uliza na bei kabla kijiti hakijawekwa motoni. Bei hutajwa kwa kijiti au kwa kipande, na sahani ikishajaa ni vigumu kupatana.

Kila chakula na mtihani wake

Chipsi mayai, au zege. Chipsi nyingi huwa zimeshakaangwa nusu, zikasubiri kabatini. Hilo peke yake si kosa, mradi zirudishwe kwenye mafuta ya moto. Tazama mayai. Fundi mzuri huyapasua mbele yako, akayapiga, akayamwaga juu ya chipsi kikaangoni, kisha akaigeuza zege kwa kuifunika sahani. Mayai yaliyopasuliwa tangu jioni na kuwekwa kwenye jagi yanatoa nafasi kwa bakteria wa salmonela kuongezeka. Zege iliyoiva hushikana ukiikata, na katikati haitoi ute.

Mishkaki. Mtego wake ni nyama iliyobabuliwa nusu, ikasogezwa pembeni ya jiko kungoja mteja. Nje imeungua, ndani ina uwekundu. Chana kipande kimoja kabla ya kula. Angalia pia brashi ya viungo: ikipaka nyama mbichi kisha ikarudi kwenye nyama iliyoiva, ule ubichi umehamia kwenye sahani yako. Nyama nzuri huvutika kidogo halafu ikaachia. Ile iliyopashwa mara kwa mara hutafunika kama mpira.

Samaki na pweza. Forodhani samaki mara nyingi huwa wamepikwa mapema, jiko la pale ni la kuwapasha. Jodari, nguru na vibua wana hatari yao: wakikosa barafu baada ya kuvuliwa, kemikali ya histamini hujijenga ndani ya nyama, na moto wowote hauiondoi. Kipande kikikuwasha ulimi ilhali hakina pilipili, kiteme. Dalili za histamini, uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga na mwili kuwasha, huanza ndani ya dakika chache hadi saa 1 au zaidi kidogo. Mashavu ya samaki mzima nayo hukupa dalili ya upya: nyama yake huwa imara na yenye utamu.

Urojo. Sufuria lazima iwe inafuka moshi. Uzito wa mchuzi utokane na unga ulioiva, usioacha ladha ya ubichi, na ukali utokane na embe au ndimu. Bhajia na kachori ziingie bakulini zikiwa bado zinavunjika kwa sauti. Tahadhari iko kwenye vile vinavyoongezwa vikiwa baridi: viazi na mayai ya kuchemsha, na chatini ya nazi, ambayo huchacha haraka kuliko vyote. Inuse kwanza.

Pizza ya Unguja. Unga uliotandazwa uwe mwembamba hadi unaonyesha ng’ambo kabla ya kujazwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai. Omba ikatwe katikati. Yai likimwagika, irudi kikaangoni.

Mihogo. Iliyo mizuri ina ganda kavu lenye rangi ya dhahabu, na ndani ni laini, haina nyuzi. Muhogo ukiwa mchungu, uache. Uchungu huo unaashiria sumu ya sayanidi, ambayo kukaanga hakuiondoi yote.

Wali na pilau. Huu ndio usiosamehe kiporo. Mbegu za bakteria aitwaye basilasi hustahimili kupikwa, na wali ukiachwa upoe polepole bakteria huyo hutoa sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa upya. Kupasha hakusafishi chakula kilichokaa vibaya. Saa 4 usiku, mbele ya sufuria ya pilau ya mchana, chagua mihogo inayokaangwa.

Juisi ya miwa nayo ina swali lake: barafu imetokana na maji gani? Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu.

Kutoa alama kwa haki

Ukitaka kujua banda gani ni bora mtaani kwenu, agiza chakula kilekile kila unakokwenda. Zege ya hapa haiwezi kushindanishwa na urojo wa pale. Onja tonge la kwanza bila pilipili, tomato sosi wala kachumbari, maana vikolezo hufunika kasoro. Nenda na mwenzako, muagize kimoja mgawane, kila mmoja atoe alama zake kabla hamjaambizana.

Alama 20 zinatosha: usafi na upya 8, upishi 6, ladha 4, bei na kipimo 2. Upishi ni kuiva, ukavu, ulaini. Ladha ni chumvi, viungo, ukali. Banda likipata chini ya 4 kwenye usafi, usiendelee kuhesabu. Halafu rudi saa nyingine. Banda linalopata 16 saa 12 jioni na 9 saa 4 usiku lina mpishi mzuri na utunzaji mbaya, na hilo ndilo la kuwaambia wenzako: nendeni mapema.

Tumbo likikataa

Kuharisha kwa kawaida huhitaji maji mengi na dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini (ORS). Nenda kituo cha afya mapema ukiona damu, homa kali, kizunguzungu, au choo cheupe cha majimaji kama maji ya mchele. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wasisubiri dalili hizo. Wapelekwe mapema, na kwenye vibanda wale vya moto tu. Mkiugua watu kadhaa mliokula mahali pamoja, mjulisheni afisa afya wa kata, mkitaja chakula na saa mliyokula.

Banda likikuridhisha, mwambie mpishi ni kitu gani hasa kimekufurahisha. Likikukwaza, mwambie yeye kwanza, pembeni, kabla ya kulitangaza mtaani. Kazi yake inategemea wateja wanaorudi, na kasoro nyingi za vibandani, kama beseni la maji machafu au brashi moja kwa nyama mbili, hurekebishika siku hiyohiyo kwa gharama ndogo.